Tumwombee Dada Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu nimechoka kumlalamikia Mungu mambo yale yale, na naona na yeye amechoka kunisikiliza. Leo baada ya ibada mchungaji aliniita kwenye kile chumba chake chenye viti viwili na mafagio ya kanisa, akaongea kwa sauti ya mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Mwalimu, umeilea kwaya miaka kumi na minane. Tunaona upumzike kidogo. Tumwachie binti wa fundi saa ajaribu."

Nikasema sawa, mtumishi wa Mungu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Ajaribu! Binti huyo mimi ndiye niliyemfundisha kufungua mdomo. Alikuja ana miaka kumi na moja, sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta, nikamsimamisha mbele yangu kila Jumamosi mpaka ikalainika. Leo ana ishirini na minne, anapiga kinanda, ana mchumba mwalimu wa hesabu, na ana kwaya yangu.

Nimeokoka miaka ishirini na miwili. Sina kinyongo. Naandika tu.

Jumanne, 4 Machi

Masika yameanza. Watu wote leo kazini zahanati wameingia na matope, wametoka na matope.

Jumapili, 9 Machi

Kwaya imeimba bila mimi. Nilikaa benchi la nne na machozi ya kutosha kwa watu kudhani nimeguswa na Roho. Wimbo wa pili waliuanzia juu mno, nikasema moyoni, hawa wataanguka. Hawakuanguka. Sauti ya nne, ile besi, ambayo mimi nilikuwa naiswaga kama ng'ombe mgomvi, leo ilikuja yenyewe. Mume wangu, fundi bomba, ambaye huja kanisani mara moja kwa mwezi kama bili ya maji, aliniinamia akanong'ona, "Wameimba vizuri hawa."

Nikamwambia anyamaze, tuko ibadani.

Jumatano, 12 Machi

Mimi kazi yangu zahanati ni mapokezi. Naandika majina, natoa namba, navuta mafaili ya kawaida: homa, vidonda, kikohozi. Mwisho wa korido kuna benchi moja refu linalotazama milango miwili. Mlango wa kushoto ni wa wajawazito. Wa kulia ni wa dawa za kudumu, za wale wanaomeza maisha yao yote. Mafaili ya milango hiyo anayatunza sista mkuu kwenye kabati lake, na mimi siyagusi.

Leo nilikwenda huko kuweka ndoo chini ya paa linalovuja, nikamkuta binti wa fundi saa amekaa kwenye lile benchi. Hakupita mapokezi, aliingilia mlango wa nyuma. Amevaa koti kubwa la kiume. Aliponiona alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana. Nimekuja mara moja tu." Akalivuta koti likamfunika tumbo. "Mwalimu, nakuomba sana. Usimwambie mtu umeniona hapa."

"Mimi ni kaburi," nikamwambia, nikampigapiga bega.

Harusi yao ni mwezi wa sita. Koti kubwa, benchi lile, macho chini. Mtu hahitaji kuwa mwalimu wa hesabu.

Nimehuzunika. Kweli nimehuzunika. Ila nikijikagua vizuri, chini ya hiyo huzuni kuna kitu kimekaa kinachezesha miguu. Sijakitazama usoni.

Ijumaa, 14 Machi

Kila Ijumaa tukitoka kazini, wanawake tisa tunakutana sebuleni kwa Mama Haleluya kuombeana. Tumempa jina hilo kwa sababu huitikia haleluya kwa kila jambo, hata ukimwambia umeunguza sufuria yake. Mwanawe ndiye yule mwalimu wa hesabu, mchumba wa binti wa fundi saa.

Kila mtu alitoa ombi lake. Miguu ya mmoja, mtihani wa mtoto wa mwingine. Zamu yangu ilipofika sikuwa nimepanga kusema. Nilisikia sauti yangu, ile laini ya kuongoza maombi, inasema:

"Tumwombee dada mmoja wa kwaya, aliyepewa nafasi kubwa akiwa bado mchanga. Kuna jambo limempata. Nimeona nilichoona, mahali nilipokiona, na siwezi kusema zaidi. Bwana amfunike."

Mama Haleluya hakuitikia haleluya. Aliuliza taratibu, "Dada huyo ni wa kwetu?"

Nikafumba macho. "Bwana anamjua," nikasema, nikaanza kuomba, nikaomba mpaka nikalia.

Sikutaja jina. Naandika hapa ili iwe wazi. Sikutaja jina.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu ameniuliza jana tuliombea nini mpaka nikarudi nimevimba macho. Nikamweleza, kwa sababu yeye ni mume wangu, si mtu wa nje. Akaweka spana chini.

"Mke wangu, wewe ukiomba, mbinguni habari inafika ya mwisho."

Nimemnunia mchana kutwa. Mtu asiyeomba hawezi kujua mzigo wa maombi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua, na mafua.

Jumapili, 23 Machi

Neno limeota miguu. Leo uani kwa kanisa wanawake walikuwa wamesimama chini ya miamvuli, na binti alipopita na vitabu vyake vya nyimbo mazungumzo yalikatika kama redio iliyochomolewa. Wawili walinivuta pembeni. "Mwalimu, ni wa miezi mingapi?" Nikawajibu mimi sijui kitu, waombe tu. Nimegundua kila nikisema sijui kitu, wao wanajua zaidi.

Wimbo wa tatu vidole vyake viliteleza kwenye kinanda. Aliutafuta ufunguo, akaupata, akaendelea. Baada ya baraka alinitazama juu ya vichwa vya watu. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili ili ahakikishe.

Nilikuwa wa kwanza kugeuza uso.

Ijumaa, 28 Machi

Uchumba umevunjika. Mama Haleluya ametusimulia mwanzo mpaka mwisho. Mwanawe alimuuliza binti mbele ya wazazi wa pande zote, "Ulikwenda zahanati kufanya nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Una mimba?"

"Sina."

"Basi ulikwenda kufanya nini?"

"Siwezi kukuambia."

Akamuuliza na mara ya tatu alikwenda kufanya nini, jibu likawa hilo hilo. Kijana akasimama akaondoka. Na baba yake, fundi saa, mzee wa kanisa anayetuongoza kila mwezi kwenye ungamo, alikuwa amekaa pale pale. Mkewe ni marehemu miaka sita sasa, kwa hiyo hakuna mwingine wa kumsemea yule mtoto. Hakusema neno. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Kama hana basi ameitoa," akasema mwenzetu mmoja, na wengine wakaguna.

Mama Haleluya akanishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki, Mwalimu. Umeniokolea mwanangu." Mikono yake ilikuwa ya moto, na nilitamani aniachie.

Jumapili, 30 Machi

Binti hakuja. Mchungaji amenirudishia kwaya "kwa muda". Wamenipigia makofi. Nyumbani nilikula vizuri, kisha nikakesha.

Jumamosi, 5 Aprili

Mazoezi. Waliimba kama wanafunzi walioambiwa wakae baada ya masomo. Wawili wa sauti ya nne hawakuja na hawakutoa taarifa. Kinanda kimefunikwa shuka, hakuna wa kukipiga. Niliwaambia warudie ubeti, wakarudia. Nikawaambia waweke moyo, wakanitazama.

Kwaya ni yangu tena. Nilidhani nikiipata nitalala usingizi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaandika polepole.

Mvua ya alfajiri ilikuwa na upepo. Tulipofungua zahanati asubuhi tukakuta bati moja limeng'oka juu ya chumba cha sista mkuu na maji yameingia ndani ya kabati. Sista akatuita wote, tuliopo mapokezi, wa maabara, mpaka wa usafi. "Acheni kila kitu, tuokoe kadi. Msisome. Tandazeni tu zikauke."

Tulizitandaza kwenye meza, kwenye vitanda, juu ya madirisha. Kadi za dawa za kudumu ni za kijani. Nilikuwa nazitenganisha moja moja kwa vidole, zimeshikana kama majani ya chai, na kweli sikuwa nasoma. Ila jicho ni jicho. Likishaliona jina la mtu unayemjua, huwezi kulirudisha kwenye wino.

Ilikuwa kadi ya fundi saa.

Miaka saba anakunywa dawa. Ugonjwa wenyewe sitauandika hata humu. Inatosha kusema ni ule ambao mtu akimeza dawa yake kila siku anaishi mpaka azeeke, na kama kuna kinachomuua ni midomo ya majirani. Chini ya kadi kuna mstari wa mtu anayemchukulia mgonjwa dawa. Mstari huo kila mwezi una saini moja. Naijua saini hiyo. Naijua tangu ikiandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la nyimbo: ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu.

Ya mwisho imetiwa tarehe 12 Machi.

Nikaitandaza ile kadi juu ya dirisha pamoja na nyingine, nikaendelea na iliyofuata, na iliyofuata. Wenzangu walikuwa wanacheka kitu. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa amekanyaga mtoto gizani.

Mara tatu kaulizwa. Neno moja tu lingemrudishia mchumba, kanisa, na kinanda. Alikuwa nalo mdomoni. Na mimi niliyejiita kaburi nililitapika langu, la uongo, siku mbili tu baada ya kuapa.

Nimekuwa nikijihesabia miaka ya wokovu kama askari anavyohesabu nyota begani. Leo nimemwona aliyekua kiroho, na si mimi.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikwenda kwa Mama Haleluya. Nilimwambia mume wangu nataka niende nyumba kwa nyumba nikawaambie watu ukweli wote, kwamba binti alikuwa anamchukulia...

"Ishia hapo hapo," akasema. "Usinitajie. Mimi simo kwenye hiyo sentensi." Akanywa chai. "Umechoma nyumba ya watu, sasa unataka kuuzima moto kwa petroli?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni fundi bomba. Ila bomba likipasuka, jambo la kwanza ni kufunga koki. Mengine baadaye."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwao. Nyumba yao ina chumba cha mbele ambacho ni karakana ya baba: meza chini ya dirisha, vikopo vya skrubu ndogo kama mbegu za mtama, saa za ukutani ishirini na kila moja na saa yake. Mzee hakuwepo. Binti alikuwa anapanguza kioo cha meza. Hakunikaribisha kukaa, na mimi sikukaa.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Nilisema kitu kwenye maombi. Na sasa najua kwamba..."

"Unajua nini?"

Nikazitazama saa ukutani.

"Mwalimu, unajua nini? Na umejuaje?" Sauti yake ilikuwa chini, ile sauti ya pili ninayoipenda. "Umefungua faili?"

Nikamweleza habari ya bati na maji. Akakaa chini polepole, kitambaa bado mkononi.

"Kwa hiyo sasa umetukosea mara mbili."

"Nitasema kanisani. Nitawaambia wote wewe huna kosa, kwamba ulikuwa..."

"Hapana!" Saa zote zilikuwa zinagonga lakini nilimsikia yeye tu. "Mama alikufa hajasema. Ukimtaja baba umemtaja na mama kaburini. Watu watahesabu miaka, watauliza nani alimpa nani. Baba hatatoka tena mlango huu. Unaelewa? Ungama uongo wako, Mwalimu. Ukweli wetu uache."

"Lakini nikisema nilidanganya tu, bila kueleza ulikuwa pale kwa nini, watu hawataamini."

"Najua."

"Watasema nakufunika."

"Najua, Mwalimu. Mimi nimekaa na hilo wiki mbili. Wewe ndio unalijaribu leo."

Mlangoni nilimuuliza kama baba yake anajua yote yanayosemwa juu ya bintiye. Akasema anajua yote. Nikapandwa na hasira: baba mzima, mzee wa kanisa, kuacha mtoto abebe! Nimetembea na hasira hiyo kwenye matope mpaka karibu na nyumbani, na ilikuwa inanifariji sana. Ndipo nikagundua kwa nini inanifariji. Nikaiacha pale barabarani.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemweleza mchungaji sehemu yangu. Alisugua paji la uso.

"Mwalimu, maji yameshamwagika. Kwaya inajikusanya, watu wameanza kusahau. Kuamsha haya tena kutawajenga nini washirika? Mwombe Mungu msamaha wako wa siri, naye ataona sirini."

Maneno yalikuwa mazuri, na wiki mbili zilizopita ningeyakumbatia. Nikamwambia, "Mtumishi, dhambi nilitenda mbele ya watu tisa, na imefika kwa mia nne. Nikitubu mimi na ukuta, ukuta ndio utamsafisha yule binti?"

Akasema atafikiri. Nimeomba njiani. Maombi yangu yamekuwa mafupi, sijui kama ni dalili nzuri.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Mchungaji bado anafikiri.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeota nasimama mbele ya kanisa nikifungua mdomo panatoka kadi za kijani zilizolowa. Mume wangu anasema nipunguze maharage.

Ijumaa, 25 Aprili

Mchungaji amekubali. Dakika tano, baada ya matangazo.

Jumapili, 27 Aprili

Niliandika maneno kwenye karatasi. Nilipofika mbele karatasi ilikuwa imelowa jasho na herufi zimekimbiana, kwa hiyo nikasema kama nilivyoweza.

Nilisema: mwezi uliopita nilileta ombi kwenye maombi ya wanawake juu ya dada mmoja wa kwaya. Dada huyo ni binti wa fundi saa, mnamjua, na wakati ule sikumtaja jina kwa makusudi, ili mumjue nami nisilaumiwe. Nilisema kuna jambo limempata. Sikuwa najua jambo lolote. Nilimwona zahanati, mahali ninapofanya kazi, mahali ambapo nimeapa kutosema nimemwona nani. Mengine niliyatunga moyoni. Na niliyatunga kwa sababu alikuwa amepewa kwaya, na anaifundisha vizuri kuliko mimi. Ule ulikuwa wivu. Niliuvalisha nguo za maombi, nikauleta mbele za Mungu.

Hapo nikaikunja ile karatasi.

Mtu wa nyuma akauliza kwa nguvu, "Sasa kama hana mimba, alifuata nini pale?"

Nilitazama mbele. Fundi saa alikuwa kwenye kiti chake cha wazee, karibu nami kiasi cha kumgusa. Shati lake lilikuwa linatetemeka kifuani. Nikajua nikifungua mdomo vibaya huyu mtu anaanguka.

"Hilo si langu, na si lako," nikasema. "Watu mia nne tumo humu. Nani kati yetu angependa aulizwe hivyo?"

Nikawaambia nimeachia kwaya, na nimeacha kuongoza maombi. Nikashuka.

Yaliyofuata sikuyategemea. Mama Haleluya alinipita bila salamu. Nikamsikia akimwambia mwenzake, "Anamfunika. Wamepatana." Hilo nilikuwa nimeambiwa, ingawa kuambiwa hakupunguzi. Kilichonitisha ni wale waliokuja kunikumbatia. "Mwalimu, unyenyekevu wako umetufundisha! Ni wachache wenye ujasiri huo!" Wa tatu alipofika nikahisi shingo yangu inanyooka kidogo. Kile kitu kilichokuwa kinachezesha miguu chini ya huzuni kilikuwa kimerudi, kimevaa gunia na majivu, kinapokea salamu.

Nikamvuta mume wangu mkono. "Twende nyumbani haraka."

"Unaumwa?"

"Nasifiwa."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimejipeleka kwa sista mkuu kabla hajasikia kwa wengine. Alinisikiliza amesimama. Akaniuliza kama kuna mwingine nimewahi kumtaja. Nilitaka kusema hapana. Nikakaa nikikumbuka miaka, na "maombi", na nikasema, "Ndiyo, sista. Sikumbuki wangapi."

Ameniondoa mapokezi. Kuanzia kesho niko chumba cha kufulia, na kesi yangu itakaa mezani kwake mpaka atakapoamua. Alisema, "Ningekufukuza leo. Sijui kwa nini sikufukuzi." Mimi pia sijui.

Alhamisi, 1 Mei

Shuka arobaini na mbili.

Jumanne, 6 Mei

Mikono imechanika kwa sabuni. Kule kwa kufulia hakuna jina la mtu. Kuna damu, matapishi, maziwa ya mama, na huwezi kujua ni ya nani. Nafua. Siku hizi ndiko ninakoomba, bila kutengeneza sentensi. Kuna siku hakuna kinachonijia kabisa, nakuwa mkavu kama ubao, na zamani ningejilazimisha kulia. Sasa naendelea kufua tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimesikia kijana wa hesabu alirudi kwao kuomba uchumba uendelee. Binti alimpokea vizuri, akampa chai, akamwambia hapana. "Ulingoja tangazo la kanisani ndipo uniamini."

Kwa hiyo nimetubu, na harusi haipo. Nilikuwa nadhani toba ni kama kurudisha kitu dukani.

Jumatano, 14 Mei

Nilikuwa nabeba kapu la shuka kupita korido, nikamwona fundi saa. Yeye mwenyewe. Amekaa katikati ya lile benchi, saa nne asubuhi, watu wamejaa, amevaa suti yake ya Jumapili na kofia mapajani. Nikataka kurudi nyuma.

"Mwalimu," akaniita. "Usinikimbie. Kimbilia huku."

Nikaweka kapu chini. Jirani yake alisogea nikakaa.

"Leo nimejileta," akasema, anatazama mbele. "Miaka saba mtoto ananibebea. Nilikuwa najiambia nalinda jina la mama yake. Uongo. Nilikuwa nalinda kile kiti cha mbele kanisani." Akageuza kofia. "Siku ile ulipoulizwa lile swali, nilikuwa nasema moyoni, atanitaja, atanitaja. Hukunitaja. Nikaona aibu kuliko kama ungenitaja."

"Mzee, mimi ndiye niliyeanza yote."

"Wewe ulianza. Mimi ningeweza kuyamaliza jioni ile ile, pale sebuleni. Tusigombanie."

"Binti anajua umekuja?"

"Nilimwambia asubuhi. Alilia. Halafu akaniambia nifunge kifungo cha shati, maana nikienda kufa kwa aibu nife nadhifu."

Mwanamke mmoja wa kanisani alitokea mlango wa wajawazito na bintiye, akamwona, akaona ni mlango upi anaoungoja. Macho yake yakaenda kulia, yakarudi. Fundi saa akavua miwani.

"Shikamoo mzee," yule mwanamke akasema, sauti imemtoka nusu.

"Marahaba. Hujambo? Mvua hizi zitatumaliza."

Ndani waliita jina lake. Akaitikia kwa sauti iliyofika mapokezi, akaingia. Nilibeba kapu langu nikaenda kuanika.

Jumapili, 18 Mei

Fundi saa amejiuzulu uzee wa kanisa kwa barua ya mistari miwili. Habari imeenea. Wengine hawampi mkono. Leo nimewaona wakijishughulisha na miamvuli yao. Wengine wamekwenda kukaa naye benchi moja. Mama Haleluya amekaa peke yake, hajaitikia chochote ibada nzima. Nilitaka kufurahi. Badala yake nilimkumbuka akinishika mikono, mama aliyedhani mwanawe ameokolewa. Hilo nalo nililifanya mimi. Baada ya ibada nilimfuata nikamwambia hivyo. Akasema, "Mimi nilitaka kuamini, Mwalimu. Hukunilazimisha." Akaenda zake.

Alhamisi, 22 Mei

Hakuna mvua siku ya tatu.

Jumapili, 25 Mei

Binti wa fundi saa anahama. Amepata kazi ya kufundisha muziki shule ya mbali, anaondoka kesho. Kanisa lilimbembeleza arudi kwenye kwaya, akasema anawashukuru.

Alikuja nyumbani alasiri. Nilikuwa uani naanua nguo. Alinisalimia, akashika upande wa pili wa shuka bila kuombwa, tukaikunja pamoja, tukisogeleana na kurudi nyuma kama watu wanaocheza.

"Nimekuja kukuambia kitu kabla sijaondoka," akasema. "Nimekusamehe, kwa sababu nimeagizwa nisamehe. Nimeshasema mbele za Mungu na sirudi nyuma. Ila moyo wenyewe bado haujafika, Mwalimu. Nikikuona njiani bado nabadili upande. Sitaki kukudanganya."

Nilikuwa na maneno mengi. Yote yalikuwa mazuri, na yote yalikuwa ya kunifanya mimi nijisikie nafuu. Nikayaacha.

"Usiuharakishe," nikasema.

"Ukifika nitakuambia."

"Na usipofika?"

Alifikiri, shuka kifuani. "Basi na hilo utajua," akasema. Akaniwekea shuka juu ya zile nyingine, akaaga, akatoka kwa lango la mbele. Sikumsindikiza, hakutaka.

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe chake. Hakufanya mzaha. Alikuja akakaa karibu nami kwenye ngazi, jua likiwa bado juu ya mabati, na baadaye akaniuliza kama nitamwombea yule mtoto safari njema.

Nikafumba macho. Nilitaja jina lake, nikangoja kama kuna la kuongeza. Halikuwepo.